Kamba ya Kikombe

Hofu ya mpiganaji haikai kifuani kama watu wanavyodhani. Inakaa kwenye kibofu. Mdogo wangu alikuwa ameshakwenda chooni mara sijui ngapi tangu asubuhi, na kila akirudi anasema sasa basi, kumekauka, na kabla sijameza mate anaanza tena kuchezesha miguu kama mtoto aliyenyimwa ruhusa darasani. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, maana chumba kile cha kubadilishia nguo kilikuwa na viti viwili na vyote vimevunjika, na mimi ni fundi wa makochi, siwezi kukalia kiti kibovu bila mikono kuniwasha. Nikamwambia akae chini. Akaniambia nikae mimi. Nikamwambia mimi nimekaa, kwani huna macho? Ndivyo tulivyoshinda mchana ule, hakuna aliyetulia.

Ulingoni wanamwita Kiberiti, kwa sababu ni mdogo wa umbo na hachelewi kuwaka. Anapigana ule mchezo wa ndani ya kizimba cha waya, ngumi na mateke na mieleka vyote humo humo, mchezo ambao mama yetu anauita ugomvi wa kulipia tiketi. Pambano la siku ile lilikuwa la kufa na kupona. Mshindi angechukuliwa na kambi kubwa ya ng'ambo akapigane huko kwa mkataba, na Kiberiti alikuwa ameifukuzia nafasi hiyo miaka nenda miaka rudi, mpaka akafika umri ambao kwenye mchezo huo vijana huanza kukuamkia. Wa kuzuia njia alikuwa mtu mmoja tu, jitu la watu, jina lake la kazi Tingatinga. Huyo Tingatinga ana teke la ndani ya paja ambalo mara nyingi hupanda juu kuliko lilikokusudiwa. Akishapiga, anaomba radhi. Ana adabu sana. Ameshawaomba radhi watu kadhaa wakiwa wamelala juu ya machela.

Sasa hapo ndipo roho yangu ilipokuwa haikai. Wapiganaji huvaa ndani ya bukta kinga ngumu ya kufunika sehemu za siri, wenyewe wanaiita kikombe. Kiberiti alikuwa akivaa cha plastiki, cha bei ya kutupa, na siku moja mazoezini mwenzake akamrushia goti, plastiki ikapasuka vipande viwili na kumbana katikati yake. Tulimkimbiza hospitali akiwa amekunja uso bila sauti. Madaktari walimtoa korodani moja. Daktari aliyemhudumia alisema lililobaki linaweza kufanya kazi ya mawili, ila likipata pigo kama lile, basi tena, asitarajie kuitwa baba.

Ameoa, na wana miaka minne ndani ya nyumba bila mtoto. Mama hakulia siku ile, na mama asipolia ndiyo hatari. Alituita sote, Kiberiti na mkewe na mimi, akatuketisha, akasema hawezi kumkataza mtu mzima kazi yake, lakini kama ni lazima arudi kwenye huo ugomvi, basi hakuna atakayemfunga hiyo kinga isipokuwa kaka yake. Akanigeukia mimi. Hakusema mengi. Alisema nikizembea nisimwite mama. Tangu siku hiyo mimi, mtu wa misumari na sponji, nikawa mtu wa ukumbi wa mazoezi.

Nilimtafutia kikombe cha chuma, kizito, cha mviringo, cha kufungwa kwa kamba: moja inazunguka kiuno, nyingine inapita chini katikati ya matako na kukutana na mwenziwe mgongoni. Kamba kilizokuja nazo nilizitupa, zilikuwa kamba za kufungia zawadi. Nikaweka uzi wangu wa kushonea makochi, ule wa katani, nikausokota mara mbili na kuupaka nta. Fundo nililipiga lile la kazini kwangu, ambalo mtu mnene anaweza kuruka juu ya kochi miaka kumi na lisilegee. Vijana wa pale mazoezini wakanipa jina la Mkunga. Nikiingia tu, wanauliza, Mkunga, mama anaendeleaje? Mkunga, njia imefunguka? Nikawajibu kwamba kinga ni bora kuliko tiba, wakacheka mpaka wakakaa chini, na kesho yake wakawa wanalisema kabla yangu.

Waache wacheke. Kilichonishangaza ni Kiberiti mwenyewe. Huyu ni mtu anayegombana hata na chumvi kwenye chakula, lakini nikimfunga anatulia kimya. Anaweka viganja ukutani, anainua kichwa juu, ananiacha nivute, nikaze, nipige fundo, nikague, nivute tena. Hata siku moja hakusema nimemuumiza. Nilidhani ni shukrani. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikimwambia mama, yuko salama, na mama ananimiminia chai mwenyewe, akicheka, akihesabu majina ya babu zetu kuona lipi lingemfaa mjukuu.

Basi siku hiyo ya pambano nilikuwa nimeshamfunga mapema. Mkaguzi wa shirikisho akaja, mtu mfupi mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akatazama bandeji za mikono, akamwona kocha akimvika glavu na kuzungushia plasta kwenye vifundo, kisha akaweka sahihi yake juu ya plasta, kila mkono. Akachukua kalamu akagonga mbele ya bukta. Chuma kikalia, ngo, ngo. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatukumbusha sheria: kuanzia pale hakuna anayevua kitu. Mpiganaji akitaka kwenda haja, mkaguzi aitwe, asimame naye, kila kitu kikaguliwe upya. Tukaitikia. Akaenda zake chumba cha pili, na kocha naye akatoka kwenda kugombana na watu wa televisheni kuhusu nani anaanza kuingia.

Mlango haujafungwa vizuri, Kiberiti akasema anataka kwenda.

Nilimtazama nisiamini. Nikamwambia ajibane. Akasema amejibana tangu glavu zilipofungwa. Nikamwambia hicho si kibofu, ni kichwa. Akaniambia kichwa hakilowanishi bukta. Unaona mambo? Nikamwambia asiguse kitu, nikamtafute mkaguzi, nirudi naye, kisha nitamfungua mwenyewe na kumfunga upya, kwa utaratibu. Glavu zile vidole vinatokeza, lakini kwa plasta na bandeji zilizomo ndani huwezi kushika hata sindano, sembuse kufungua fundo langu. Nikatoka nikijua kabisa hawezi kuharibu kitu.

Mkaguzi hakuonekana. Nilizunguka ukumbi ule kwa ndani, korido zenye harufu ya dawa ya misuli na jasho la watu wa jana, nikafungua milango isiyonihusu, nikafukuzwa kwenye chumba cha wasichana wa kubeba mabango. Kwenye kona ya ngazi nikakutana na shemeji, mke wa Kiberiti, amesimama peke yake na tiketi yake mkononi, badala ya kukaa kwenye kiti alichotafutiwa mbele kabisa. Nikamuuliza kulikoni. Akasema hajisikii kukaa. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimemfunga mimi mwenyewe, hata lori likimpitia. Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, macho yamelegea kama mtu anayemhurumia mgonjwa.

"Leo mwache tu apigane, shemeji," akasema.

Nikamwambia kwani nani amemzuia, arudi kwenye kiti chake. Nilikuwa na haraka. Na kabla sijageuka, ukumbi ukalipuka kwa kelele. Pambano lililotutangulia lilikuwa limeisha. Watu wale walipangiwa raundi tatu, wakamaliza kwa ngumi moja, jasho halijawatoka. Nikasikia mtu wa mlangoni akipiga mayowe kwamba wanaofuata watoke, watoke sasa hivi, televisheni haisubiri mtu. Nikatoka mbio. Goti langu moja bovu, lakini siku hiyo lilisahau ubovu wake.

Niliwakuta koridoni wameshaanza safari. Kocha mbele, Kiberiti katikati na taulo kichwani, muziki wake umeshapigwa. Mtu akanisukumia ndoo na kigoda mikononi, nikaunga nyuma. Nikamuuliza Kiberiti kama alifanikiwa kujibana. Akavuta taulo mbele. Tukaingia ukumbini, mwanga ukatupiga usoni, watu wakapiga makofi, na hapo, nikiwa nimemsogelea ubavuni, nikaona.

Mimi ni fundi wa makochi. Lifunike kochi kwa kitambaa unachotaka, velveti, ngozi, nailoni, jicho langu litakwambia mbao iko wapi na sponji imeishia wapi. Kikombe cha chuma ni cha mviringo, kinasukuma kitambaa sawasawa pande zote. Mbele ya bukta ya mdogo wangu kulikuwa na kona.

"Umevaa nini?" nikamuuliza.

"Tembea."

"Nimekuuliza umevaa nini."

Akasema bila kunigeukia, midomo haichezi, kwa ajili ya kamera. "Kisahani cha sabuni. Kamba nimeikata, fundo lako halifunguki na glavu. Tembea, kaka."

 Nilikiona kisahani chenyewe akilini, cha plastiki ya bluu, kilikuwa pembeni ya sinki, kina matundu ya kupitishia maji. Matundu! Alikuwa amechukua mkasi wa kocha wa kukatia bandeji, akaukamata kwa viganja viwili kama nyani, akakata uzi wangu wa katani, akakojoa, kisha mtu wa mlangoni akaita, na yeye akachomeka kisahani ndani ya chupi ya kubana ili mgongaji akigonga asikie kitu. Na mbele yetu, ndani ya kizimba, Tingatinga alikuwa anapasha moto misuli. Anapiga teke hewani. La ndani ya paja. Linapanda.

Nikamnong'oneza Kiberiti turudi. Akasema tukirudi tumeshindwa, sheria inasema ukiitwa usiingie, mwenzio anapewa. Nikamwambia bora kushindwa. Akasema yeye hajashindwa bado. Nikamwambia habari ya mama. Hapo akaongeza mwendo.

Chini ya ngazi za kizimba mwamuzi anamkagua kila anayeingia. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye glavu za daktari. Akamwangalia kinga ya meno, akampapasa kucha, akampitishia vidole nyuma ya masikio kuona kama kuna mafuta. Akagonga chini. Ko. Mlio wa plastiki. Wengi huvaa vya plastiki, kwa hiyo haukumshtua. Akasogea pembeni kumpisha. Ni desturi yao mpiganaji awakumbatie watu wake kabla ya kupanda. Kiberiti akamkumbatia kocha, akaja kwangu. Alinishika kwa nguvu kuliko siku zote, na nilisikia moyo wake unavyokwenda mbio.

"Niache," akaniambia sikioni.

Nafasi ya kufikiri haikuwepo, na kusema kweli sikuitafuta. Nilimwona mama na birika lake. Niliiona machela. Nikamtazama yule mdogo wangu niliyembeba mgongoni akiwa hajui kutembea, anapanda ngazi kwenda kupigwa teke akiwa na kisahani cha sabuni, nikapandwa na hasira, hasira ya kweli.

"Mwamuzi," nikasema, "huyu hana kikombe."

Kocha aligeuka kunitazama kama nimeongea lugha ya wanyama. Kiberiti akasema nimechanganyikiwa, asinisikilize. Mwamuzi hakubishana na mtu. Alimwambia Kiberiti aruke, mara moja tu, mahali pale pale. Kiberiti akasimama. Mwamuzi akamwambia tena. Akaruka. Kisahani kikateleza kwenye mguu wa bukta, kikadondoka juu ya ngazi ya chuma, kikabiringika mpaka miguuni mwa mpiga picha, na yule mpiga picha, shetani mkubwa, akakielekezea kamera. Kikatokea kwenye skrini kubwa, kila mtu akakiona, na matundu yake. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kuna mtu kutoka juu kabisa akapaza sauti kwamba jikaze kisabuni, na kicheko kikaanza upya.

Kiberiti alisimama katikati ya kicheko kile, mikono imening'inia, hajui aiweke wapi.

Mwandaaji wa pambano akaja anahema. Akazungumza na mwamuzi, akaangalia saa, akasema televisheni inaingia kwenye matangazo ya biashara, matangazo yakiisha mpiganaji awe na kikombe au pambano limekwenda kwa Tingatinga. Sikungoja amalize. Nilitupa ndoo nikakimbia. Nilikimbia nikiwapita watu wanaonicheka, wengine wakinipisha, mmoja akanipigia saluti. Korido ile niliyokuja nayo ikawa ndefu ghafla. Nikafika mlangoni, nikashika kitasa. Umefungwa.

Ndiyo desturi yao, wapiganaji wakitoka, mlinzi anafunga kwa sababu ya vibaka. Nikapiga mlango, nikapiga kelele, nikaupiga teke ambalo hata Kiberiti angelisifia. Mlinzi akatokea upande wa pili wa korido, anakula karanga, anatembea kama mtu aliyeoa juzi. Funguo zilikuwa nyingi na zote zimefanana. Akajaribu ya kwanza. Akajaribu ya pili. Akaniuliza mbona nahangaika, kwani kuna mgonjwa? Nilimnyang'anya lile rundo, na bahati mbaya nikapoteza ile aliyokuwa ameshaifikia, tukaanza upya. Haraka haraka haina baraka, akasema. Nilitamani kumtafuna.

Kikombe nilikikuta chooni, sakafuni, kando ya ndoo ya kumwagia maji. Uzi wangu ulikuwa umekatwa vipande, haufai tena hata kufungia mfuko. Nikavua viatu, nikachomoa kamba zake, nikapitisha kwenye matundu ya kikombe huku nakimbia na soksi. Zilikuwa fupi lakini zingefika. Zingebana. Mikono yangu inajua kazi yake, na nilipouona mlango wa ukumbi nilikuwa nimeshapiga mafundo mawili.

Muziki ulikuwa wa Tingatinga. Ndani ya kizimba mwamuzi alikuwa ameushika mkono wake juu, na mtangazaji anasoma jina. Kiberiti alikuwa hajapanda hata ngazi. Alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, chini, glavu zake mpya mikononi na sahihi za mkaguzi juu yake. Tingatinga alishuka akaja kumwomba radhi. Nilisimama na kikombe kinaning'inia mkononi, nikiwa na soksi tu, na mtu mmoja wa mstari wa mbele akaniuliza kama nauza.

Kocha alituletea vitu vyetu mlangoni, hakuingia. Aliniambia ameona watu wengi wa kona ya mpiganaji wakirusha taulo kusimamisha pambano ili kumwokoa, lakini hajawahi kuona kona inayompiga mtu wake mwenyewe chini kabla ya kengele. Akaondoka. Tukabaki wawili katika chumba kile cha viti vibovu. Kiberiti akakaa kwenye kimojawapo, kikayumba, hakujali. Mimi nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na hata kwa ngumi. Majibu nilikuwa nayo yamepangwa: kwamba pambano litakuja jingine lakini jingine la kule chini halitaota, kwamba siku moja mwanawe akimshika ndevu atanikumbuka. Hakunipa nafasi. Alikaa tu anatazama ukuta, na ule mguu uliokuwa haukai tangu asubuhi ulikuwa umetulia.

Simu yangu ikalia. Mama. Aliangalia kwenye televisheni ya jirani, hakuelewa vizuri, alichoona ni kwamba mwanawe hakuingia. Akauliza kama ameumia. Nikamwambia hajaumia, mama, hata unywele. Akauliza kule nako? Nikamwambia kule ndiko kabisa, nimemlinda, kama ulivyoniagiza. Basi mama akaanza kuniombea dua kwenye simu, kwa sauti ile yake inayosikika nyumba ya tatu, kwamba Mungu anizidishie, kwamba nimeokoa uzao wa baba yetu, kwamba mjukuu akija nitamshika wa kwanza. Kiberiti alisikia kila neno. Nilipokata simu alikuwa ananitazama.

"Mwambie ukweli," akasema.

"Ukweli upi?"

"Kwamba hukulinda kitu. Majibu yalitoka mwezi uliopita. Hakuna mbegu, kaka. Hata moja."

Nikamwambia daktari alisema lililobaki linatosha. Akasema daktari alisema kabla ya kupima. Waliporudi na mkewe wakapimwa wote wawili, na lile goti la mazoezini wala halihusiki. Ni ile homa ya matubwitubwi aliyougua akianza kubalehe, ndiyo iliyomaliza kila kitu. Tangu wakati huo lilikuwa ghala tupu. Alisema hivyo hivyo, ghala tupu, kama anamsema mtu mwingine. Nikaikumbuka ile homa. Nilimcheka alivyovimba mashavu.

Nilitaka kukaa, nikakosa pa kukaa. Nikamuuliza mbona alikaa kimya, mbona alisimama pale ukutani wiki zote hizo nikimfunga kama mzigo, asiseme neno.

"Ulikuwa unafunga kwa moyo wote," akasema. "Na mama alikuwa anacheka. Nikasema nikishinda, nitaondoka, nitawaambia nikiwa mbali. Mke wangu alikubali. Tulikuwa tunaondoka wote."

Nikaelewa yale macho ya shemeji kwenye ngazi, na lile ombi lake dogo nililolipita kwa haraka. Aliniomba jambo moja, na lilikuwa jepesi, na nilimwambia arudi kwenye kiti. Kikombe bado kilikuwa mkononi mwangu na kamba za viatu vyangu. Nikakiweka chini taratibu kisipige kelele.

"Nilikuwa nimebakiwa na pambano hili tu, kaka," Kiberiti akasema.

Hakupandisha sauti. Kama angenipiga, ningejua la kufanya. Samahani ilikuwa ndogo mno. Mwishowe nikamuuliza kama anataka maji. Akasema ndiyo. Glavu bado zilikuwa zimefungwa, na sikuwa na ujasiri wa kushika ule mkasi. Nikafungua chupa, nikamwekea mdomoni, nikamshikilia kichwa kwa nyuma, akanywa yote.